Siku Imepita Fisuri

Mwaka huo Viola alikuwa na maazimio matatu, na la tatu ndilo lililokuwa likimshinda.

La kwanza lilikuwa kuamka bila kuamshwa. Hilo alilishika vizuri tangu Januari, akisaidiwa na jogoo wa jirani ambaye hakuwa na habari na saa za watu. La pili lilikuwa kutompa mtu yeyote karatasi aliyoiandika kabla ya kuisoma mara mbili, na azimio hili lilikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, akiwa kidato cha pili, bibi yake alilazwa hospitali, naye akamwandikia mkuu wa shule barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu "ili nikamuuguze bibi yangu." Kwa haraka ya kuwahi mstarini aliruka herufi mbili. Mwalimu Paskasi, aliyekuwa wa zamu wiki hiyo, aliisoma barua, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Viola," akasema, "huyu bibi unamuuza bei gani? Maana na mimi nyumbani natafuta."

Ruhusa alipewa. Jioni, kando ya kitanda cha hospitali, Viola alisimulia mambo yote kama yalivyokuwa. Bibi Philomena alicheka huku ameshika mbavu, akaomba kama ni kuuzwa basi asiuzwe mbali. Babu Marcel alicheka kumshinda. Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini, na alipoelezwa, muuguzi naye akatafuta pa kukaa.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumapili Mungu akamwita Bibi, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemsikia Babu akicheka.

Basi azimio la tatu lilikuwa hilo: Babu acheke. Si kutabasamu, kwa sababu kutabasamu mtu anaweza kukupa ili umwache. Acheke kile kicheko chake kilichojulikana mtaa mzima wa Nangara, kilichoanza kwa kukohoakohoa kama pikipiki kuukuu inayokataa kuwaka, halafu kikawaka, na watu waliokuwa bombani wakaambiana, "Huyo mzee Marcel, leo kasikia nini tena?"

Viola alikaa kwa babu na bibi yake tangu akiwa na miaka sita. Wazazi wake wanalima juu huko Mbulu, mahali ambapo shule ilikuwa mbali kwa miguu ya mtoto, ndiyo maana walimteremsha Babati akasome. Pale Nangara kulikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, jiko la nje, shamba la mahindi na mbaazi nyuma ya nyumba, na sasa, pembeni mwa shamba, kulikuwa na kaburi la Bibi lenye msalaba wa mbao. Shangazi Conjesta, ambaye wote humwita Mama Clemence, anakaa nyumba ya pili. Huyo ni katibu wa jumuiya ya kanisani, na mambo yake yote yamenyooka kama mstari wa rula.

Kila alfajiri Viola alifagia uwanja, akachota maji, akawasha moto, akamwekea Babu chai na kiporo cha ugali kilichochomwa juu ya makaa, maana mkate Babu aliuita sifongo. Kisha alivaa sare na kwenda shule pamoja na Vailet.

Vailet alitoka upande wa Hanang, kwenye familia ya wafugaji wa Kimang'ati, na alikuwa amepanga chumba kimoja na dada yake ili wasome mjini. Alikuwa mwepesi wa maneno kuliko mtu yeyote darasani. Mwanzoni Viola aliona kwamba kupanga chumba ni uhuru mtupu. Kisha siku moja alipita hapo jioni akamkuta Vailet amekaa kitandani na sufuria ya maharage magumu mapajani, anasubiri dada yake arudi na mkaa, na hakuna mtu wa kumwuliza siku yake ilikuwaje. Tangu hapo, kila walipokutana asubuhi, Viola alimwuliza, "Jana ulikula nini?" na Vailet akajibu, "Wambulu kwa udaku," lakini alijibu. Na mara mbili kwa wiki alikula Nangara.

Jioni, Viola alimletea Babu habari za shule. Alimwigizia Mwalimu Paskasi akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Alimweleza jinsi mpishi wa shule alivyopika makande akasahau maharage, wanafunzi wakala mahindi wakidhani ni mfungo. Babu alikaa kwenye kigoda chake mlangoni pa jiko, akichambua mbaazi, akasema, "Eee." Usipomjua ungedhani hasikii. Viola aliandika matokeo nyuma ya daftari la Bibi: "hakuna," "hakuna," "alitabasamu," "hakuna." Kufikia Agosti, tabasamu zilikuwa nne, na moja kati ya hizo huenda ilikuwa miayo.

Hilo daftari lenyewe lina habari yake.

Bibi Philomena hakujua kusoma. Kiswahili alijifunza ukubwani, na ulimi wake haukuwa na nafasi ya sh, wala z, wala v. Shule ilikuwa sule, zawadi ilikuwa sawadi, na mjukuu wake alikuwa Fiola mpaka mwisho. Babu ni vivyo hivyo hadi leo. Basi Viola alipofika darasa la pili na kujua kuandika, Bibi alimwita jioni moja baada ya kula, akamwambia, "Andika." Akasema sentensi moja. Kesho yake tena, moja. Ikawa desturi ya nyumba hiyo kwa miaka minane. Kila jioni Bibi alitoa shukrani moja ya siku, nayo haikuruhusiwa kuwa kubwa. Uzima, mvua na mavuno alisema hayo ni ya kanisani, watu wengi wanayashughulikia. Yeye alitaka yale ambayo Mungu huenda anadhani hakuna aliyeyaona.

*Nasukuru Mungu, kuku amerudi mwenyewe.*

*Nasukuru Mungu, mguu leo umeuma asubuhi tu.*

*Nasukuru Mungu, Mama Dorika amenisalimia kwansa.*

Siku moja, akiwa darasa la nne, Viola alisahihishwa shuleni, akarudi na elimu yake mpya. Jioni hiyo aliandika "nashukuru," akamsomea Bibi. Bibi akatikisa kichwa.

"Mimi sikusema hifyo."

"Lakini Bibi, ndivyo inavyoandikwa."

"Nani anasukuru hapa, mimi au mwalimu wako?"

Viola alifuta, akaandika kama ilivyosemwa. Hakuuliza tena. Madaftari yakafika kumi na moja, yakihifadhiwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na hakuna aliyeyafungua zaidi ya wao wawili. Na ile siku ambayo hakuna kilichotokea kabisa, kuku hakupotea wala kurudi, Bibi alikuwa na sentensi yake ya akiba, ambayo Viola aliiandika pengine mara mia tatu.

Mwezi wa saba familia ilikaa kupanga misa ya mwaka mmoja, ambapo padre angekuja nyumbani kubariki msalaba mpya, wa kudumu. Shangazi Conjesta alipendekeza yaandikwe maneno ya kuwaombea marehemu raha ya milele, kama kwenye makaburi mengine. Babu, ambaye tangu kikao kianze alikuwa akitazama mikono yake, akainua kichwa.

"Wekeni neno lake," akasema. Akarudi kutazama mikono.

Wote walilijua neno lake, ile sentensi ya akiba, hata wageni waliowahi kulala hapo. Shangazi akamgeukia Viola. "Wewe ndiye msomi wetu. Liandike vizuri, umpelekee fundi. Nakuamini, usiniangushe."

Viola alikwenda chumbani, akavuta sanduku la bati, akafungua daftari la mwisho. Alinakili kwa herufi kubwa kwenye karatasi nyeupe, pamoja na jina na tarehe. Kisha, kwa sababu alikuwa na azimio, akaisoma mara mbili. Akaisoma kwa makini kabisa, na kila neno likaingia sikioni kwa sauti aliyoizoea, likakaa mahali pake. Hakuona kosa lolote. Asubuhi aliipeleka kwa Mikidadi.

Mikidadi ni fundi wa terazo kwenye barabara ya kwenda Bonga. Ni Mrangi, mtu wa Kondoa, mrefu, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe kabla ya saruji. Alipenda kusema kwamba yeye ni Mwislamu, lakini misalaba iliyopita mikononi mwake hata askofu hana. Aliitundika karatasi ya Viola kwenye msumari ukutani, akaahidi msalaba utakuwa tayari wiki ya misa.

Jumatano ya wiki hiyo, misa ikiwa Jumamosi, Viola na Vailet walipita kwa fundi wakitoka shule. Msalaba ulikuwa umesimamishwa ukutani, mweupe wenye chembe nyeusi, umesuguliwa hadi unang'aa, na herufi zimechimbwa na kujazwa rangi nyeusi, zimenyooka kama zimechapwa. Viola alisimama mbele yake akafurahi moyoni. Vailet ndiye aliyesoma kwa sauti.

"Bibi Philomena," akasoma, na tarehe. Kisha akasoma chini yake, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

"*Nasukuru Mungu siku imepita fisuri.*" Akageuka. "Fisuri ndiyo nini? Ni kijiji?"

Viola aliitazama ile S. Akaitazama ile F.

"Fundi," akasema, "mbona umeandika hivi?"

"Nimeandika nilichoandikiwa." Mikidadi alichomoa karatasi msumarini akamwonyesha. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, na kila herufi ilikuwa vilevile. "Mimi nilijua ni Kimbulu."

"Kimbulu?"

"Nilijiuliza, mbona Kimbulu kinafanana na Kiswahili namna hii? Nikasema si kitu, lugha za watu."

Vailet aliziba mdomo kwa mikono miwili, akaenda kusimama nyuma ya rundo la matofali mpaka akatulia.

Fundi alieleza kwamba kumimina msalaba mwingine kunahitaji siku zaidi ya walizokuwa nazo. Saruji ikiharakishwa hupasuka. Kujaza herufi na kuchimba upya kungeacha makovu, na kovu kwenye terazo jeupe huonekana kutoka barabarani. Kisha akamkunjia ile karatasi, akampa. "Ichukue. Shangazi yako akiuliza, umwonyeshe kwamba sikubuni. Mimi kesho jioni nauleta."

Njiani Vailet alikuwa na mpango.

"Karatasi unayo wewe," akasema. "Nyingine haipo."

"Najua."

"Basi sema fundi kakosea. Yeye hatakufa. Mafundi wanakosea kila siku. Wewe shangazi yako atakukumbusha mpaka uzeeke."

Viola aliyafikiria. Ni vema kusema ukweli: aliyafikiria njia nzima, na usiku, na kesho yake darasani, wakati Mwalimu Paskasi akieleza jambo ambalo hakulisikia. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa sketi, na kila alipokaa ilimchoma kama ganda la alizeti. Aliogopa shangazi, lakini shangazi angepoa. Aliyemtisha hasa ni Babu. Kwa mwaka mzima alikuwa akitafuta namna ya kumrudishia furaha, na sasa angemletea kaburi la mkewe lenye kosa la kitoto, kosa la mtoto waliyemsomesha. Na neno lenyewe Babu ndiye aliyeliomba. Lilikuwa karibu neno pekee alilolisema mwaka huo.

Alhamisi jioni pikipiki ya magurudumu matatu iliingia uwanjani ikiwa na msalaba umelazwa kwenye magunia, na Mikidadi amekaa kando yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Walimsaidia kuushusha na kuuegemeza kwenye ukuta wa jiko. Shangazi Conjesta alitoka akijifuta mikono kwenye khanga, akasogea, akasoma. Akasoma tena.

"Fundi," akasema kwa upole uliotisha, "hii ni nini?"

Mikidadi alimtazama Viola. Viola alikuwa ameshika nguzo ya jiko, na mkono mwingine uko mfukoni. Fundi aliona sura yake, akaona na ule mkono. Akavua kofia.

"Mama Clemence, nisamehe," akasema.

"Nikusamehe? Fundi mzima hujui kuandika nashukuru? Vizuri imekushinda? Jumamosi watu wanatoka Mbulu, Dareda, Magugu, na padre anasimama hapa. Watasema familia hii haikusoma." Sauti ilikuwa inapanda ngazi. "Ndiyo maana niliambiwa nitafute fundi wa kwetu. Kazi ya msalaba unampa mtu ambaye hata hajui maana yake. Jumapili nitasimama mbele ya jumuiya zote, niwaambie wasikupe tena hata tofali."

Mikidadi aliigeuzageuza kofia yake.

Viola alimtazama yule mtu mrefu akiwa amesimama kichwa wazi kwenye uwanja usio wake, akitukanwa kwa ajili ya herufi za mtu mwingine. Akaona jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mtu wa kabila jingine, wa dini nyingine, mwenye saruji kwenye kofia, na lawama ilikuwa imempata bila kupoteza njia. Tena hata yeye Viola asingehitaji kusema uongo. Kunyamaza tu kungetosha.

Alitoa mkono mfukoni.

"Shangazi, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeandika. Fundi alifuata karatasi yangu. Hii hapa." Akaikunjua. Ilikuwa imelegea kwa jasho la siku mbili. "Nilinakili kwenye daftari la Bibi. Niliisoma mara mbili, sikuona. Fundi hana kosa, alidhani ni Kimbulu."

Shangazi alipokea karatasi. Aliangalia karatasi, akaangalia msalaba, akamwangalia Viola. "Wewe," akasema. "Wa kidato cha tatu."

Hapo ndipo Babu Marcel aliposimama kutoka kwenye kigoda chake. Mbaazi zilimwagika mapajani zikatawanyika, naye hakuzitazama. Alisogea mpaka mbele ya msalaba, akachuchumaa kwa taabu, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Babu alijifunza kusoma kwa katekista zamani sana, na mpaka leo husoma kwa sauti, silabi kwa silabi, la sivyo haelewi.

"Na," akasoma. "Su. Ku. Ru."

Kidole kilisimama.

"Mu-ngu. Si-ku. I-me-pi-ta." Akapumua. "Fi. Su. Ri."

Akabaki amechuchumaa, mgongo umewaelekea wote. Viola aliona mabega ya Babu yanatikisika, akajua amemliza, akatamani ardhi ifunguke. Kisha akasikia kikohozi. Kikohozi kingine. Cha tatu kikakwama, kikakatika, halafu kikawaka.

Babu alicheka. Alikaa chini mavumbini, miguu imenyooshwa mbele, akacheka huku ameegemea terazo, akapigapiga lile neno kwa kiganja. "Ni yeye," akasema alipopata pumzi. "Conjesta, njoo usikie. Ni yeye mwenyewe anasema. Fi-su-ri." Kicheko kikamwanza upya. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Kutoka upande wa bombani sauti ya mwanamke ilisikika ikiuliza, "Jamani, si mzee Marcel huyo?"

Shangazi Conjesta alisimama wima kadiri alivyoweza. Midomo ilianza kumcheza. Akageuza uso, akajifunika khanga, na nyuma ya khanga hiyo ikatoka sauti ambayo hakuna aliyejua ni kilio au kicheko, na nadhani hata yeye hakujua. Mikidadi alicheka kwa adabu mwanzoni, halafu bila adabu.

"Fundi," Babu akasema, akinyoosha mkono ainuliwe, "umesema hiki ni Kimbulu?"

"Nilidhani, mzee wangu."

"Ulidhani kweli. Ni Kimbulu cha nyumba hii."

Shangazi alipopata sauti yake alijaribu mara moja tu. "Baba, padre atasemaje?"

"Padre atasoma."

Kabla fundi hajaondoka, Shangazi Conjesta alimfuata mpaka kwenye pikipiki. Alisimama mbele yake, yeye ambaye hakuzoea kuomba radhi. "Baba, nimekukosea," akasema. "Nimekukosea mbele ya watu, na Jumamosi nitakuomba radhi mbele ya watu. Uje ule na sisi." Mikidadi akasema hakuna neno, Mama Clemence. Lakini alikuja.

Jumamosi palikuwa na watu mpaka kwenye mashina ya mbaazi. Wazazi wa Viola walikuwa wameteremka kutoka juu pamoja na wazee waliomjua Bibi tangu akiwa msichana. Vailet alisaidia kugawa chakula, na kila aliyemwuliza ukoo wake alimjibu kwamba yeye ni Mmang'ati aliyekuja kuchunga Wambulu. Baada ya komunyo, Padre Melkiadi aliwaongoza wote kaburini, akanyunyiza maji ya baraka, kisha akainama kusoma maandishi. Padre ni mtu msomi na mwenye huruma.

"*Nashukuru Mungu,*" akasoma kwa sauti kubwa, "*siku imepita vizuri.*"

"Padre," Babu akasema kutoka kwenye kiti chake, "soma kilichoandikwa."

Padre alitazama tena. Akatazama umati. Akakohoa, akasoma kama ilivyo, herufi kwa herufi. Wale kina mama wa kutoka juu, waliokuwa wamesimama nyuma na vitambaa vyao vya kichwani, wakashika midomo, kisha mmoja akaangua kicheko, na wote wakafuata, wakicheka na kulia, wakisukumana mabega, wakiambiana kwa Kimbulu chenyewe mambo ambayo Philomena alisema miaka arobaini iliyopita. Padre alingoja. Ilipotulia alisema kwamba alikuwa ameandaa mahubiri marefu kuhusu shukrani, lakini anaona marehemu ameshahubiri. Akafunga kitabu.

Shangazi alitimiza alichoahidi. Alimpakulia Mikidadi kwa mkono wake mwenyewe kabla ya wazee wa kanisa, akaeleza mbele ya wote kosa lilikuwa la nani na ufundi ulikuwa wa nani. Kabla ya jioni, mzee mmoja wa Dareda alikuwa amemvuta fundi pembeni, akimwuliza kama anaweza kumtengenezea mama yake msalaba wa kwake, "lakini na mimi nataka kiwe kile Kimbulu."

Jua lilikuwa linashuka wageni walipokwisha kuondoka. Viola alikuwa akiosha masufuria kwa majivu, na Vailet akiyasuuza, wakati Babu alipoita kutoka kwenye kigoda chake.

"Fiola. Lete daftari."

Alilileta, mikono bado imelowa. Lilikuwa lile la mwisho, lenye kurasa nyingi zilizobaki tupu tangu Agosti iliyopita. Alikaa chini kando ya Babu, akalifungua, akashika penseli.

"Andika," Babu akasema. Akautazama ule msalaba mweupe pembeni mwa shamba. "Nasukuru Mungu, mbafu sinaniuma."

Viola aliandika. Na kwa kuwa sasa alikuwa mwangalifu kupita kiasi, alisoma mara mbili, kisha akamsomea kwa sauti:

"Nashukuru Mungu, mbavu zinaniuma."

Babu alitikisa kichwa.

"Mimi sikusema hifyo," akasema, na ile pikipiki kuukuu ikaanza kukohoa tena kifuani mwake. Viola akaazima kifutio cha Vailet.